Mfagio wa Manjano na Hukumu ya Mkasi

*Kichaka kimoja cha Ulaya hupandwa kwa taadhima katika bustani za Uingereza, na hukatwa bila ya huruma katika nchi za ng'ambo. Makala haya yanaeleza namna ya kukitunza, chanzo cha ugomvi wake, na elimu moja ambayo anayekipenda na anayekichukia wote wanaihitaji.*

Unapoingia mwezi wa Mei katika kisiwa cha Vancouver, magharibi ya Kanada, vilima vya mawe vilivyouzunguka mji wa Victoria na kingo za barabara iendayo kaskazini hugeuka rangi ya manjano, manjano iliyokolea kiasi cha kumfanya mgeni asimamishe gari lake na kushuka kutazama. Na katika siku zizo hizo watu wa kila rika, wake kwa waume, hutoka majumbani mwao na mikasi yenye mikono mirefu, wakauinamia uzuri ule na kuukata chini kabisa, usawa wa ardhi.

Mgeni asiyejua habari huiona kazi hiyo kuwa dhuluma. Mmea unaokatwa ni Cytisus scoparius, ambao hapa tutauita mfagio, kwa kuwa tangu zama za kale watu wa Ulaya walifunga pamoja vijiti vyake vyembamba wakafagilia nyumba zao.

Mwezi huo huo, ng'ambo ya pili ya bahari ya Atlantiki, mtunza bustani wa Uingereza huingia katika duka la miche, akaununua mfagio ulio chunguni kwa fedha yake mwenyewe, akaupeleka nyumbani kwake na kuutafutia mahali penye jua la kutosha, akitumaini kuwa kila majira ya machipuko utampa maua mengi kuliko majani.

Yupi kati ya wawili hawa mwenye haki? Suali hili linagusa malisho ya wanyama, misitu, mizinga ya nyuki na urithi wa watu waliokuwako kabla ya bustani hizo kuwako. Na jibu lake halimo katika rangi ya ua, bali katika tabia ya mti wenyewe na katika mkono wa aliyeupanda.

Kichaka chenyewe na nasaba yake

Mfagio ni wa ukoo wa kunde na maharage. Asili yake ni Ulaya ya magharibi na ya kati, na hukua kufikia urefu wa mita moja hadi tatu. Vijiti vyake ni vya kijani, vyenye pembe tano ukivipapasa kwa vidole, na majani yake ni madogo tena hupukutika mapema. Walakini mti haudhuriki kwa upungufu huo, maana vijiti vyenyewe hufanya kazi ya majani, na ndiyo sababu unastahimili ukame na udongo dhaifu ambao vichaka vingine hushindwa nao.

Kwenye mizizi yake mna vinundu vinavyokaliwa na bakteria wenye uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Kwa hiyo mfagio hujilisha wenyewe mahali pasipo na rutuba, na jambo hili tulihifadhi akilini, kwani litarudi mara mbili: mara moja kama fadhila na mara ya pili kama shitaka.

Ua lake halina asali hata tone. Zawadi yake kwa nyuki ni chavua peke yake. Petali za chini zimeshikana na kuzifungia ndani nyuzi za chavua zilizopindwa kwa nguvu, na nyuki mkubwa mwenye manyoya anapotua na uzito wake, petali hufumka kwa ghafula, nyuzi zikachomoka na kumpaka chavua tumboni na mgongoni. Jambo hilo hutokea mara moja tu kwa kila ua, na kwa mara hiyo moja mbegu huanza safari yake.

Safari hiyo ina hikima ya kustaajabisha. Maganda hukomaa yakawa meusi, na siku ya jua kali la kiangazi pande mbili za ganda hujisokota, kisha hupasuka kwa mlio unaosikika na kuzirusha mbegu mita kadhaa. Kila mbegu ina kijisehemu chenye mafuta ambacho sisimizi hukipenda, basi wao huichukua tena na kuifikisha mbali zaidi. Gamba lake ni gumu, halipitishi maji upesi, na mbegu iliyofukiwa huweza kungoja ardhini kwa miongo ya miaka mpaka siku udongo utakapotifuliwa.

> Mbegu iliyofukiwa huweza kungoja ardhini kwa miongo ya miaka mpaka siku udongo utakapotifuliwa.

Utukufu nao haukuupita mti huu. Inasimuliwa kuwa Geoffrey, mtawala wa Anjou katika Ufaransa wa karne ya 12, alikuwa na desturi ya kuchomeka kitawi cha mfagio katika kofia yake, na kutokana na jina la Kilatini la kitawi hicho uzao wake ukaitwa Plantagenet. Mwanawe, Henry wa Pili, alikalia kiti cha enzi cha Uingereza mwaka 1154, na wafalme wa nasaba hiyo wakatawala mpaka Richard wa Tatu alipouawa vitani Bosworth mwaka 1485.

Jamaa zake ni wengi. Mmoja hukaa jangwani, kuanzia Afrika ya kaskazini mpaka Bara Arabu, nao ni ule mretemu ambao wasomaji wa Biblia wanaukumbuka kwa kisa cha Nabii Eliya, aliyeketi chini yake akiwa amechoka na maisha. Maua yake ni meupe, nao huchanua kabla joto la jangwa halijawa kali.

Wengine walizaliwa mikononi mwa watunza bustani. Yapata mwaka 1867 ilionekana chotara katika mji wa Warminster, mkoani Wiltshire, yenye maua ya rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano kidogo. Hiyo ndiyo mifagio iitwayo Cytisus × praecox, ambayo haizidi sana mita moja na robo na huchanua Aprili na Mei. Mwaka 1891 bustani ya Kew, jijini London, ilipata chotara nyingine itambaayo, isiyofika nusu mita kwenda juu lakini yenye kuenea upana wa mita moja na nusu au zaidi.

Huko Normandy, Ufaransa, katika miaka ya 1880, ulionekana mfagio wa mwituni ambao petali zake za pembeni zilikuwa na wekundu wa damu ya mzee juu ya manjano, ukaitwa 'Andreanus' kwa heshima ya Édouard André, bingwa wa bustani. Aghalabu ya mifagio ya rangi mbili na ya rangi nyekundu inayouzwa leo imetokana na damu ya mti huo.

Namna ya kuupanda

Anayetaka kupanda mfagio katika nchi ambayo mti huu una asili nayo na aanze na jua. Kivulini mfagio hurefuka ukawa na vijiti vilegevu na maua machache, ila penye jua la mchana kutwa hujaa ua toka shinani hata nchani.

La pili ni udongo. Mfagio hutaka udongo wa kichanga au wa changarawe, usiotuamisha maji, wenye uchachu au usioelemea upande wowote. Penye chokaa nyingi iliyo karibu na uso wa ardhi mfagio wa kawaida hudhoofika na kupauka. Mahali kama hapo ni heri kupanda jamaa yake wa Bahari ya Kati, Spartium junceum, anayevumilia chokaa na upepo wa pwani na ambaye huchanua baadaye kidogo, machipuko yakielekea kiangazi.

La tatu ni kuzuia ukarimu. Mkulima aliyezoea kumwagia kila shimo samadi humdhuru mfagio badala ya kumsaidia, maana mti unaojitengenezea naitrojeni ukiongezewa mbolea hutoa vijiti vingi vyenye maji, vinavyolala kwa upepo na kuungua kwa baridi, na maua hupungua.

> Mkulima aliyezoea kumwagia kila shimo samadi humdhuru mfagio badala ya kumsaidia.

La nne ni kuupanda ungali mdogo na kutouhamisha tena. Mizizi yake huzama upesi na haipendi kusumbuliwa. Mche wa mwaka mmoja au miwili uliotoka chunguni hushika vizuri, ilhali mti mkubwa uliong'olewa ukapelekwa mahali pengine mara nyingi hufa. Shimo na liwe na upana mara mbili ya chungu, na udongo uliozunguka mizizi usizikwe chini ya usawa uliokuwa nao chunguni.

Katika mwaka wa kwanza umwagilie maji siku za ukame. Baada ya hapo mfagio hujitegemea. Penye upepo mkali uchomekewe kijiti cha kuushikilia, kwa kuwa shina linaloyumbayumba huilegeza mizizi kabla haijapata nguvu.

Na tahadhari moja isisahauliwe katika nyumba yenye watoto: mfagio mzima, mbegu zake hasa, una sumu yenye kuathiri mwendo wa moyo. Ni mti wa kutazamwa, si wa kutafunwa.

Mkasi baada ya ua

Sasa tumefika kwenye kiini cha utunzaji wa mti huu, na pia kiini cha makala haya. Maua ya mfagio hutoka katika vijiti vilivyokua mwaka uliotangulia. Kwa hiyo anayeupogoa kabla ya machipuko huyatupa maua yake mwenyewe, na asiyeupogoa kabisa huuona mti ukipanda juu mwaka baada ya mwaka, ukaacha chini shina tupu la rangi ya kahawia, mpaka kichwa kinakuwa kizito, shina linapasuka na mti mzima unaanguka.

Wakati wa mkasi ni mmoja: mara tu maua yanapoanza kunyauka, yaani mwisho wa Mei au mwezi wa Juni huko Uingereza, kabla maganda hayajajaa. Vijiti vilivyokwisha kuchanua hukatwa theluthi mbili ya urefu wake, na mkasi hauvuki mpaka wa sehemu ya kijani.

Mpaka huo ndio sheria kuu. Mti wa kahawia uliokwisha kuwa mgumu hauchipui tena ukikatwa, na mtu aliyeuachilia mfagio wake miaka minane kisha akataka kuurudisha ujana kwa msumeno ataua badala ya kuponya. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hapana mti wa bustani unaoisadiki kauli hiyo kuliko mfagio.

Mkato huu una faida mbili kwa mara moja. Kwanza, nguvu ambayo mti ungeitumia kulea maelfu ya mbegu hurudi katika vijiti vipya vitakavyobeba maua ya mwaka ujao. Pili, maganda hayakomai, mbegu hairuki, na kilichopandwa ndani ya ua wa mtu hubaki ndani ya ua wake.

> Nguvu ambayo mti ungeitumia kulea mbegu hurudi katika vijiti vitakavyobeba maua ya mwaka ujao.

Hata hivyo mfagio hauna maisha marefu. Miaka kumi hadi 15 ndiyo aushi yake bustanini, na mtunzaji mwenye busara hupanda mrithi kabla wa kwanza haujafa.

Mrithi na maradhi

Mrithi wa mfagio wa kawaida hupatikana kwa mbegu. Gamba lake gumu lisuguliwe kwa msasa, au mbegu ziloweshwe usiku mmoja katika maji ya moto yasiyochemka, kisha zipandwe moja moja katika vyungu vidogo ili mizizi isije ikasumbuliwa baadaye. Ama zile chotara zenye rangi zilizochaguliwa, mbegu zao hazirithi sura ya mama kwa uaminifu. Hizo huzalishwa kwa vipandikizi vya urefu wa kidole, vinavyokatwa mwezi wa Julai au Agosti vikiwa na kipande kidogo cha mti uliokomaa mwishoni, vikachomekwa katika mchanga wenye unyevu na kulindwa na baridi mpaka machipuko.

Maradhi yake si mengi, bali moja limeongezeka Uingereza katika miaka ya karibuni. Utitiri mdogo mno usioonekana kwa jicho, Aceria genistae, huingia katika vichipukizi na kuvigeuza mabonge ya kijani yaliyokunjamana, yenye unyoya mweupe, mahali palipopasa kuwa majani na maua. Hapana dawa ya kutegemewa mikononi mwa mwenye bustani. Hukata vijiti vilivyoathirika, na mti uliozidiwa huung'oa. Utitiri huyu tutakutana naye tena, akiwa na cheo tofauti.

Mbegu tatu za Sooke

Sasa turudi Vancouver na tuwasikilize wenye mikasi mirefu. Kapteni Walter Grant, askari Mskoti aliyekuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa kisiwa hicho, alipita visiwa vya Hawaii akapewa mbegu za mfagio, akazipanda mwaka 1850 katika shamba lake la Sooke. Zilizoota zikaishi ni tatu tu. Kapteni Grant hakukaa sana. Aliuza shamba akaenda zake, na mifagio mitatu ikabaki.

Historia ya kisiwa inaihesabu mifagio hiyo mitatu kuwa mama wa manjano yote inayoonekana leo. Nayo haikuenea kwa nguvu zake peke yake: kando ya bahari ya Pasifiki, kutoka California mpaka Kanada, mfagio ulipandwa kwa makusudi kuwa pambo la bustani, na tena kushikilia mchanga wa pwani na udongo wa kingo za barabara.

Kilichopotea ni uwanda wa mialoni ya Garry, ambao ni adimu na ulikuwa na maua ya buluu yaitwayo Camassia. Wenyeji wa asili wa pwani hiyo, Walekwungen na jirani zao, waliutunza uwanda huo kwa karne nyingi, wakiuchoma kwa kiasi na kuchimba vitunguu vya maua hayo, ambavyo vilikuwa chakula chao kikuu na bidhaa yao ya biashara.

Mfagio ulipoingia hapo, fadhila yake ya naitrojeni iligeuka shitaka. Mimea ya uwanda huo ilizoea ardhi maskini; ardhi ilipotajirishwa, majani ya kigeni yenye pupa yalipata nafasi, na maua madogo ya asili yakafunikwa na kivuli. Watafiti wa misitu wameona pia kuwa ardhi iliyokaliwa na mfagio hupungukiwa na kuvu zinazoisaidia mizizi ya misonobari ya Douglas, hata miche inayopandwa baada ya mfagio kuondolewa hukua kwa taabu. Kadhalika vijiti vyake vikavu huupa moto wa nyika kuni nyingi zaidi.

Kanada haiko peke yake. Katika nyanda za Barrington Tops, Australia, mfagio umefunika zaidi ya hekta 10,000. Majimbo ya Washington na Oregon, Marekani, yameutia katika orodha ya magugu yanayodhibitiwa kwa sheria, na Afrika Kusini iliupiga marufuku katika kanuni zake za mimea vamizi za mwaka 2014.

Kauli za pande mbili

Mtu mwenye insafu hawezi kuusikiliza upande mmoja. Wapenzi wa mfagio husema, na husema kweli, kuwa mti huu una nyumba yake duniani, na kuwa nyumbani kwake hauna hatia. Katika nyika za Uskoti na Ufaransa hukaa pamoja na wadudu, kuvu na wanyama waliokua nao, kila mmoja akimzuia mwenziwe. Huwapa nyuki wakubwa chavua, na huyafunika makorongo ambayo mimea mingine haiyataki.

Hata ugenini una watetezi. Wafuga nyuki wa New Zealand walikuwa na haja kubwa na chavua ya mfagio, kwa kuwa huja mapema, wakati makundi ya nyuki yanapojijenga baada ya baridi na vyakula vingine ni haba. Ombi la kuleta wadudu zaidi wa kuupunguza mti huo lilipofikishwa mbele ya mamlaka, hasara ya wafuga nyuki iliwekwa katika mizani pamoja na faida ya wafugaji wa kondoo na wenye misitu.

> Hata ugenini mfagio una watetezi: wafuga nyuki wa New Zealand walikuwa na haja kubwa na chavua yake.

Wenye misitu na malisho wana hoja nzito. Mfagio huota kwa wingi mahali palipofyekwa, ukaipita miche ya misonobari kwa kimo na kuinyima mwanga, na penye malisho huchukua nafasi ya majani ambayo kondoo na ng'ombe wangeyala. Mbuzi huula, na katika baadhi ya mashamba mbuzi ndio waliotumiwa kuurudisha nyuma; walakini mbuzi hafiki kila genge wala hachagui mti wa kula na wa kuacha.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1980 wataalamu wa New Zealand wameachilia maadui wa mfagio kutoka Ulaya, mmoja wao mbawakawa ambaye watoto wake hula mbegu ndani ya ganda. Na baadaye akaletwa yule yule utitiri anayewahuzunisha wenye bustani wa Uingereza. Huku ni maradhi, kule ni askari, na mdudu hakubadilika hata kidogo.

Lakini njia hiyo nayo ina hadhari yake. Mbawakawa wa mbegu alidhaniwa kuwa hatagusa mti mwingine. Miaka kadhaa baadaye akakutwa katika maganda ya tagasaste, jamaa ya mfagio inayopandwa huko kwa ajili ya malisho. Hasara haikuwa kubwa, ila somo lilikuwa kubwa: aliyekwisha kumwachilia mdudu hana namna ya kumwita arudi.

Elimu ni moja

Tukiweka kando makelele ya pande zote tukatazama mikono yao, tutaona jambo la ajabu. Wajitoleaji wa Vancouver, ambao jumuiya yao mashuhuri hujiita Broombusters, wana kanuni moja wanayoifunza kila mgeni: kata mfagio wakati umechanua. Wakati huo mti umetumia akiba yake katika maua, mbegu bado haijakomaa, na kiangazi kikavu kipo mlangoni.

Kanuni yao ya pili ni kukata chini kabisa, katika shina la kahawia, kwa sababu shina kuukuu halichipui. Na ya tatu ni kutong'oa miti mikubwa kwa majembe, maana udongo unaotifuliwa huziamsha mbegu zilizolala.

Basi na tulinganishe. Mtunza bustani wa Wiltshire hukata mara baada ya ua. Mjitoleaji wa Victoria hukata ua lingalipo. Wa kwanza huogopa mti wa kahawia kwa kuwa hauchipui. Wa pili huutafuta kwa sababu hiyo hiyo. Wa kwanza hauhamishi mti ili asisumbue mizizi, na wa pili haung'oi ili asisumbue ardhi. Elimu ni moja, na kitofautishacho ni mahali mkasi unaposhika.

Maana yake ni kuwa kutunza na kuzuia si mambo mawili yanayopingana. Ajuaye kuulea mfagio ndiye ajuaye kuuzuia, na aliyeuachilia bila ya mkasi, akidhani kuwa ndio upole, hakuulea mti wala hakuilinda ardhi. Laiti aliyelinunua shamba la Sooke angalipita na mkasi kila mwaka mara maua yaliponyauka, au akaikata mifagio mitatu ingali mitatu, kazi inayofanywa leo na mikono ya maelfu isingalihitajika.

Hukumu kwetu sisi

Msomaji wa Njombe au Limuru aweza kuuliza haya yanamhusu nini. Jawabu lipo ng'ambo ya bahari yetu ya Hindi. Katika milima ya Nilgiri, kusini mwa India, karibu na mji wa Ooty, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, mfagio wa Ulaya uliopandwa na Waingereza wa zama za ukoloni umeenea katika majani ya asili ya vilima, ingawa nchi hiyo ni ya joto na haina majira ya baridi kama ya Ulaya. Lililowezekana huko laweza kuwezekana pia katika nyanda zetu za juu.

Na sisi si wageni wa msiba wa namna hii. Watu wa Baringo, nchini Kenya, waliletewa mti wa mathenge mwishoni mwa karne iliyopita ili ushikilie ardhi na kuwapa kuni. Baadaye uliziba njia za mifugo na kuyavamia malisho yao, hata wakaenda mahakamani kudai haki. Nia iliyouleta ilikuwa njema, kama ilivyokuwa njema nia ya wale walioupanda mfagio kwenye kingo za barabara za Pasifiki.

Wakulima wa nyanda za juu za Ethiopia na Kenya wanayo tagasaste, jamaa ya mfagio kutoka visiwa vya Kanari, wanayoipanda kwa ajili ya kulisha mifugo na kurutubisha ardhi. Hiyo ina kazi inayojulikana na mwenyewe anayeikata kila mara kuwapelekea ng'ombe na mbuzi. Mfagio wa manjano, ambao kazi yake kwetu ingekuwa pambo tu, hauna haja ya kuletwa; na yeyote anayeagiza mbegu kutoka ng'ambo na ajue kuwa mamlaka za afya ya mimea, KEPHIS nchini Kenya na TPHPA nchini Tanzania, zimewekwa ili ziulizwe kwanza.

Ama ndugu zetu wanaoishi Ulaya, wenye viunga vya maua Birmingham, Paris au Bonn, hao hawana sababu ya kujinyima, maadamu wanachagua udongo mwepesi, wanaacha samadi ghalani na wanapogoa kwa wakati wake. Na wale walioko Seattle, Portland au Victoria wasiupande kabisa. Wakiukuta katika kiwanja walichokipata, wajue mahali pa kukata.

Hukumu yetu, basi, haimlaumu mti, kwa kuwa mti hufuata tabia aliyopewa na Muumba wake. Humlaumu mtu apandaye kisha akaondoka. Anayetaka maua ya Mei na akubali kazi ya Juni, kila mwaka, kwa muda wote wa aushi ya mti wake; na asiyeiweza kazi ya Juni apande kitu kingine.